Kidonge, Usukani na Hesabu ya Jioni

Ukitaja ulevi barabarani, wanachuo wengi tunawaza chupa. Tunawaza konyagi, gongo, na bia za Ijumaa baada ya boom kuingia. Trafiki naye anawaza hivyohivyo, ndiyo maana anasimama kando ya barabara na kile kifaa cha kupuliza. Sasa upo ulevi mwingine ambao utapuliza kifaa kile mpaka kuche na hakitasema kitu. Haunuki mdomoni. Unakaa kwenye mfuko wa shati, ndani ya bahasha ndogo ya dawa, na mara nyingi umetoka kwa mtu mwenye koti jeupe na nia njema kabisa.

Nazungumzia dawa za maumivu za ukoo wa afyuni: tramadoli, kodeini, mofini, pethidini na ndugu zao. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya huziita dawa tiba zenye asili ya kulevya, na jina hilo limebeba pande zote mbili: zinatibu, na zinalevya. Hoja yangu ni moja tu. Kwenye barabara zinazoingia na kutoka Tabora, kidonge hiki kinafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mapumziko. Tusipolikubali hilo tutaendelea kukamata mtu mmojammoja, tukipiga picha na kuandika habari, na kesho yake kazi inaendelea vilevile.

Tuanze na dawa yenyewe, maana vijiweni elimu ya kubahatisha ni nyingi. Tramadoli ilitengenezwa na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani mwaka 1962, ikaingia sokoni huko mwaka 1977. Inafanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya afyuni: inashika vipokezi vya kwenye ubongo na uti wa mgongo, taarifa za maumivu zinapungua. Ya pili, inachelewesha kuondolewa kwa kemikali mbili za neva, serotonini na noradrenalini, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kujisikia mchangamfu na mwepesi. Hapo ndipo mtego ulipo. Dereva anahisi ana nguvu, lakini jicho linachelewa kusoma barabara, mkono unachelewa kufika kwenye breki, na usingizi unaingia bila hodi. Dozi ikizidi, tramadoli inaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa. Ikichanganywa na pombe au na dawa za usingizi kama diazepamu, inaweza kuzima pumzi.

Na usije ukasema, "Mbona mshkaji wangu anameza mbili na hasinzii?" Tramadoli inategemea ini liigeuze kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi, na maini ya watu hayafanani. Wapo ambao ini lao linaigeuza haraka sana kwa sababu ya urithi waliozaliwa nao. Kidonge kilekile kwa mmoja ni nafuu, kwa mwingine ni rungu la kichwa.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikusanya tafiti zilizokuwa zimefanyika kuhusu dawa hizi na ajali za magari. Walichokiona ni kwamba dereva anayezitumia ana hatari ya kupata ajali takriban mara mbili ya asiyezitumia. Ni kweli kwamba maumivu yenyewe nayo yanamharibia mtu umakini, kwa hiyo si kila ajali ni ya kusukumiwa kidonge. Lakini wataalamu wanakubaliana juu ya wakati wa hatari zaidi: siku za mwanzo, mwili ukiwa bado haujaizoea dawa, na siku dozi inapoongezwa. Na wengi wa watu waliochunguzwa walikuwa kwenye magari, wana mkanda, wana bodi ya chuma kuwazunguka. Wewe na mimi tunapanda bodaboda.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ni wetu. Ni darasa letu zima, kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wanaosubiri mahafali.

Niwape mfano wa karibu. Kuna mwenzetu mmoja, sitamtaja, ambaye anasoma huku anaendesha bodaboda jioni na wikiendi ili apate ada. Wako wengi wa namna hiyo hapa chuoni kuliko tunavyopenda kukiri. Muhula uliopita aliteleza kwenye kokoto, akavunjika mfupa wa bega. Alitibiwa, akafungwa mkono, akapewa tramadoli. Kwenye bahasha waliandika jina la dawa na "1×3". Basi. Aliyempa dawa hakumuuliza kazi yake, wala hakumwambia kwamba dawa hii haipatani na pikipiki. Kwa nini amuulize? Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na aliyesimama mbele yake alikuwa mwanafunzi mwenye kitambulisho cha chuo shingoni.

Wiki ya tatu mwenzetu alirudi barabarani, bega likiwa bado linauma, kidonge kikiwa bado kipo. Anasema hakulala usingizi wa kufumba macho. Alikuwa "anakatika", yaani anajikuta yuko mbele kidogo ya pale anapokumbuka alipokuwa. Usiku mmoja, akitoka Ipuli na abiria mgongoni, alikatika hivyo na kuzinduka tairi likiwa limeshaacha lami. Abiria akapiga kelele, wakapona. Siku hizi anasimulia kwa kucheka. Mimi nilipomsikiliza nilijiuliza swali moja: huyu ni mlevi? Alifuata bahasha neno kwa neno. Moja mara tatu.

Huo ni upande wa wagonjwa. Upande wa pili ni wa wale ambao hawakuandikiwa na mtu. Hawa nao tuwasikilize kabla ya kuwahukumu. Kijiwe cha karibu na geti letu nimekaa mara nyingi, kwa sababu huko ndiko habari za mji zinakofika mapema. Kijana mmoja wa pale aliniambia, "Dada, tajiri haulizi mgongo. Anauliza hesabu." Kwa asiyejua lugha hiyo: vijana wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wanazo kwa mkataba. Kila jioni unampelekea mwenye chombo kiasi mlichokubaliana, na baada ya mwaka au zaidi chombo kinakuwa chako. Siku ukiumwa, hesabu haiumwi. Inalala deni. Ukilaza siku kadhaa, mwenye mali anachukua chombo chake na miezi yako yote imeondoka nacho. Sasa kijana huyo mgongo unawaka moto kwa kurushwa na makorongo tangu saa kumi na moja alfajiri, na mwenzake anamwambia kuna kidonge kinachoondoa maumivu na kuleta stimu ya kazi. Unadhani atajibu nini?

Jambo hili halikuanzia kwetu. Afrika Magharibi wamelijua kabla yetu, ambako tramadoli imekuwa kama chakula cha madereva, wabeba mizigo na wachimbaji. Kuna kisa kimoja cha kisayansi ambacho kinastahili kufundishwa. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameikuta tramadoli ndani ya mizizi ya mti wa porini kaskazini mwa Kameruni, kana kwamba mti unaitengeneza wenyewe. Mwaka uliofuata watafiti wengine walipinga: walisema dawa hiyo iliingia ardhini kutoka kwa watu na mifugo, kwa sababu wakulima wa huko walieleza kwamba wanaimeza wenyewe na wanawapa ng'ombe wao ili wavumilie kulima kwenye jua kali. Ubishi wa maabara uliendelea, lakini mimi nabaki na wale ng'ombe. Ng'ombe hatafuti starehe. Anapewa kidonge ili afanye kazi kupita mwisho wa nguvu zake, na anayefaidi ni mwenye shamba.

Sisi wa Tabora tuna sababu ya pekee ya kulielewa hili, maana mji huu ulijengwa na watu waliobeba mizigo. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Tawi lingine lilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kama frasila mbili kila mmoja, karibu kilo 32, kwa miezi miwili mitatu. Nisiipambe njia hiyo. Ilipita watumwa, ilipita ndui na njaa, na wengi walibaki kando ya njia. Wasafiri wa Kizungu waliopita katika karne ya 19 waliandika pia kwamba wapagazi walivuta bangi. Kwa hiyo kutafuta kitu cha kumsaidia mtu abebe mzigo hakukuanza na kizazi cha bodaboda.

Lakini angalia walichokuwa nacho ambacho sisi tumekipoteza. Msafara uliondoka alfajiri na kwa kawaida ulitua kabla jua halijawa kali. Mbele alitembea kirangozi, naye ndiye aliyeshika mwendo. Wapagazi waliweza kugomea safari ndefu, wakadai posho na siku ya kupumzika, na hata tajiri mwenye bunduki alilazimika kusikiliza, kwa sababu bila mabega yao pembe za ndovu zisingefika pwani. Mapumziko yalikuwa sehemu ya mapatano ya kazi. Na mpagazi aliyelewa alihatarisha mguu wake na mzigo wake. Dereva wa lori aliyelewa anahatarisha kituo kizima cha mabasi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na mabega ya wapagazi yakapumzika. Leo mzigo umerudi barabarani. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita Igunga na Nzega, yanafuata takriban uelekeo wa lile tawi la kaskazini. Mabasi, ambayo kwa miaka mingi yalikatazwa kutembea usiku, yaliruhusiwa tena mwaka 2023. Kwa mabasi ya safari ndefu kanuni inataka dereva wa pili, na hilo ni jambo jema. Baba yangu mdogo aliendesha lori la mizigo kwenda Rusumo. Anasema dereva wa pili kwake alikuwa utingo mwenye miaka kumi na tisa, asiye na leseni. Zamani zao walikesha kwa kahawa nyeusi na mirungi. Siku hizi, anasema, vijana wanaulizana kidonge kabla ya kuanza kupanda Sekenke. Ukiwa kwenye basi la kurudi nyumbani kufunga muhula, mnapishana na watu hao saa nane usiku, na kati yenu kuna mstari mweupe tu.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza: "Hao wanatafuta stimu, wakamatwe." Sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamhesabia kosa mtu anayeendesha akiwa amelewa kinywaji au dawa kiasi cha kushindwa kumudu chombo. Neno "dawa" limo humo tangu kabla hatujazaliwa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 nayo ina meno. Wauzaji wa magendo wanaouza vidonge hivi kama karanga wakamatwe, sina ugomvi na hilo. Lakini kifaa cha trafiki kinapima pombe peke yake. Ajali ikitokea tunasikia mwendokasi, uzembe, ubovu wa chombo. Nadra kusikia mtu akiuliza marehemu alikuwa anameza nini. Na "uzembe" ni neno pana sana. Mtu aliyeendesha saa kumi na sita na kidonge tumboni anaingia humo, na tajiri aliyemtuma anabaki nje.

Pili: "Basi dawa hizi zipigwe marufuku." Hapana jamani. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku anahitaji mofini, na kuikosa ni ukatili. Mama aliyepasuliwa anahitaji dawa. Mwenzetu wa bega alihitaji dawa. Nchi yetu yenyewe imewahi kuonyesha kwamba dawa za ukoo huu zinaweza kuokoa maisha zikisimamiwa: mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watu walionaswa na heroini, wakinywa kila siku mbele ya mhudumu. Nigeria nayo mwaka 2018 ilizuia utengenezaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini baada ya vijana wengi kuathirika. Ilikuwa hatua ya lazima, lakini haikumpunguzia dereva hata saa moja ya kazi. Ukifunga mlango mmoja na kazi ikabaki ileile, mtu atatafuta dirisha.

Kwa hiyo tufanye nini? Nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza liko kwenye bahasha. Ufaransa kila boksi la dawa inayoathiri uendeshaji lina pembetatu yenye picha ya gari: ya njano inakuambia uwe makini, ya chungwa inakutaka uwe makini zaidi na umuulize mtaalamu kwanza, nyekundu inakukataza kuendesha. Sisi tunaweza kuanza na muhuri wa mpira: USIENDESHE ukiwa unatumia dawa hii, mpaka mtaalamu akuruhusu. Na kabla ya muhuri, swali moja la sekunde tano: unaendesha chombo chochote? Wanachuo wenzangu mnaosomea famasi, uuguzi na utabibu, kesho mtakuwa nyuma ya dirisha lile. Lianzeni swali hilo kwenye mafunzo yenu ya vitendo. Na sisi tulio mbele ya dirisha tuulize wenyewe: "Hii inalevya? Naweza kuendesha?"

La pili liko kwenye mkataba. Wanasheria wetu wanaokaa kwenye kliniki za msaada wa kisheria waandike mfano wa mkataba wa bodaboda wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye kifungu hiki: siku ambazo dereva anaumwa na ana karatasi ya hospitali, hesabu haihesabiwi kuwa deni, siku hizo zinasogezwa mwisho wa mkataba. Tajiri hapotezi shilingi, anachelewa kuipata tu. Dereva hapotezi chombo. Na kidonge kinameza alipolala, kama kilivyokusudiwa. Nimelijaribu wazo hili kijiweni, na mzee mmoja mwenye pikipiki tatu alilipinga kwa dakika kumi, kisha akauliza, "Hiyo karatasi ya hospitali itakuwa na muhuri?" Kwangu hapo mazungumzo yameanza.

La tatu liko kwa serikali ya wanafunzi. Vijiwe vinavyotegemea abiria wa chuo vinatusikiliza, kwa sababu ni sisi tunaowapa hela. Tukubaliane na viongozi wa vijiwe hivyo kwamba dereva aliye kwenye dozi hapangwi zamu ya usiku, na kwamba mfuko wao wa kufa na kuzikana uchangie pia siku za mgonjwa. Bodaboda wanaijua nidhamu kuliko tunavyowadhania. Wana viongozi, wana zamu, wana faini. Wao ndio kirangozi wa leo. Kinachokosekana ni sisi abiria kusema kwamba usingizi wao unatuhusu.

Kwa yule anayesoma hapa na tayari anameza vidonge hivi kila siku ili aweze kuendesha: usiviache ghafla kwa hofu, maana mwili uliozoea unaweza kukuumiza. Nenda hospitali, sema ukweli wa idadi, wakupunguzie kwa utaratibu. Wakati huo chombo mpe mwingine. Usichanganye na pombe hata bia moja. Na kama una bahasha mfukoni sasa hivi na haina maneno zaidi ya "1×3", chukua kalamu uandike mwenyewe chini yake: sipandi pikipiki.